Safari ya Itobela Kutazama Ushindani wa Minara Mitatu

Wengi mmeniuliza kwa nini siitwi tena kwenye mikutano ya mambo ya simu. Nitaeleza, lakini itabidi mnivumilie nianzie mwanzo. Mkisikia mwisho peke yake mtaniona mwongo, na mkisikia mwanzo peke yake mtawaona wageni wangu wapumbavu. Haikuwa hivyo wala hivyo.

Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, binti wa mshona kofia. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye vibanda vya kioo nikisema maneno ya watu wengine kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na sijawahi kuongeza neno wala kupunguza. Waziri akitukana, natukana. Akikohoa, nanyamaza. Ndiyo sifa yangu niliyokuwa naringia.

Kiangazi kilichopita nikapigiwa simu niwasindikize wajumbe kutoka Dodoma. Nchi tatu zilikuwa zimekubaliana kusaidiana kufungua masoko ya simu, ili kusiwe na kampuni moja inayowashika wananchi koo. Kabla ya kutia saini azimio lao, wajumbe walitakiwa waone kwa macho mahali ambapo jambo hilo limefanikiwa. Pakachaguliwa kijiji cha Itobela, mbele ya Sikonge. Pale kila nchi ilikuwa imeisaidia kampuni moja kujenga mnara, minara mitatu katika kijiji kimoja, wananchi wachague wanaoutaka. Nilikubali haraka. Ujira ulikuwa mzuri, lakini zaidi nilikuwa sijakanyaga nyumbani miaka minne.

Dodoma, saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa wanne na dereva, katika Landikruza moja. Bwana Henrik alikuwa mwanasheria kutoka Ulaya ya kaskazini, mrefu, mpole, mwenye kishikwambi alichokikumbatia kama kitabu cha dua. Bibi Solange alikuwa mchumi kutoka Afrika ya magharibi, mcheshi, mwenye vitenge vilivyowaaibisha wanawake wote wa Dodoma. Mwenyeji wetu, Bwana Magesa, alikuwa afisa wa serikali, mtu wa kuvaa tai hata porini. Yeye alijua Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa alikuwa anakiitikia kwa kichwa.

Kila mjumbe alipewa simu tatu, ya bluu, ya kijani na nyekundu, kwa rangi za kampuni tatu za Itobela. Bluu ilisaidiwa na nchi yetu, kijani na nchi ya Bwana Henrik, nyekundu na nchi ya Bibi Solange. Tulipovuka Manyoni Bwana Henrik alianza kuandika ni simu ipi inashika mtandao na wapi. Kwenye vichaka vya Itigi hakuna iliyoshika. Akaandika: "Hapa kampuni zote ziko sawa."

Tabora tuliingia alasiri, vumbi limetulia na watu wanatoka msikitini. Wajumbe walifikia hotelini, mimi nikaenda kwa dada yangu Mgeni. Alinipokea kwa chai ya tangawizi na matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga pembeni, chakula ambacho Dodoma hakipatikani hata ukilia.

"Hao wageni wako wamefuata nini?" akauliza.

"Ushirikiano wa kimataifa katika kukuza ushindani."

Dada Mgeni aliweka kikombe chini. "Wanashirikiana ili washindane?"

"Ndiyo."

"Kwani hawawezi kushindana tu, bila kusumbuana?"

Nilianza kumweleza, nikaona ninavyoendelea ndivyo ninavyopotea, nikaomba sukari.

Asubuhi ya pili tulianzia Kwihara, kwa sababu Bwana Magesa alitaka wageni waone tembe la zamani, walipokuwa wakipumzika wasafiri wa misafara. Mtunzaji wa mahali pale, Bwana Ramadhani, alituzungusha vyumbani akieleza jinsi misafara ilivyotoka pwani ikielekea Ujiji, na jinsi kila mtemi alivyotoza hongo kabla ya kuruhusu watu wapite katika nchi yake.

Hapo nikakwama. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia, leo ni rushwa. Nikatafsiri kuwa ushuru wa njia. Bwana Henrik akafurahi sana.

"Muulize, watemi waliwahi kukubaliana kupanga kiwango kimoja?"

Bwana Ramadhani akafikiri. "Walipigana."

"Safi," akasema Bwana Henrik, akaandika. "Ushindani wa kweli."

Kutoka hapo tulishika njia ya Sikonge. Lami iliisha, ikaja ya vumbi jekundu, miyombo huku na huku, mizinga ya nyuki juu ya miti, na baiskeli zilizobeba magunia ya tumbaku mpaka mwendeshaji haonekani. Bibi Solange alitaka kununua asali kila tulipoona dumu. Sikonge tulipita hospitali ya wilaya kusaini kitabu cha wageni. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anaosha magurudumu, akatupungia mkono. Kutoka pale hadi Itobela ni saa tatu, kwa sababu ya mashimo.

Itobela, saa saba mchana. Tulisikia ngoma kabla hatujaona nyumba.

Barua kutoka mkoani ilikuwa imewaambia wanakijiji: "Wageni wanakuja kutazama ushindani." Sasa katika nchi ile, toka zamani za mababu, ushindani ni ngoma. Makundi yanacheza uwanja mmoja, na lenye watazamaji wengi ndilo lililoshinda. Basi wananchi walikuwa wamejiandaa wiki nzima. Makundi matatu yalitusubiri, moja limefunga vitambaa vya bluu, moja vya kijani, moja vyekundu. Wa bluu walikuwa na chatu, wa kijani walikuwa na mtu anayetembea juu ya miti mirefu aliyojifunga miguuni, na wekundu, waliokosa cha ajabu, walikuwa wamemvalisha fisi wa mbao miwani.

Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mnene aitwaye Mama Nkamba, akatuamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka!" Kisha akatuonyesha viti. "Karibuni, waamuzi."

Nilimtafsiria Bwana Henrik kwamba anatakiwa kuamua nani mshindi. Aliinuka, akaeleza kwa heshima kwamba yeye ni msimamizi wa soko, haruhusiwi kupendelea kampuni yoyote. Nikatafsiri. Umati ukapiga vigelegele, kwa kuwa mwamuzi asiyependelea alikuwa hajawahi kuonekana Itobela. Tukatazama ngoma saa nzima. Wa kijani walikuwa wanashinda wazi, lakini Bwana Henrik, kwa kuwa kijani ni wa nchi yake, aliona haya kuwapigia makofi. Akawapigia wekundu. Wa kijani wakakasirika, chatu akatolewa upya, na Mama Nkamba akatangaza sare ili tule.

Baada ya wali na kuku tulikwenda kwenye minara. Ilisimama juu ya kilima kidogo, mitatu pamoja, umbali wa hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine, kila mmoja na uzio wake, jenereta lake na kibanda chake cha mlinzi. Mlinzi wa kibanda cha bluu alikuwa mtu wa makamo, jina lake Shija, amevaa tisheti ya bluu. Bwana Henrik akamhoji, akamshukuru, tukahamia kibanda cha kijani.

Kilikuwa kitupu. Tukasubiri kidogo. Akaja Shija, anahema, amevaa tisheti ya kijani.

"Muulize kama yeye si yule wa kwanza," akasema Bibi Solange.

"Ndiye mimi," Shija akajibu. "Lakini yule ni wa bluu."

Kumbe kampuni zote tatu zilikuwa zimemwajiri yeye, kwa sababu ndiye pekee kijijini mwenye cheti cha mgambo. Kila mkataba ulimkataza kuzungumza na walinzi wa kampuni nyingine au kuwapa msaada wowote. Shija alikuwa mtu mwaminifu, aliyeuchukua mkataba kama kiapo. Alikuwa na madaftari matatu, funguo tatu, na tisheti tatu zilizofuliwa kila Jumapili.

Bwana Henrik alishusha sauti. "Muulize: je, huwa anabadilishana habari na walinzi wa washindani wake?"

Nikatafsiri. Shija akakaa wima. "Kamwe. Nikivaa kijani, yaliyotokea bluu siyajui."

Bwana Henrik akaandika kwamba masharti yanafuatwa. Nami sikucheka. Nilikuwa nimeshasema maneno ya ajabu kuliko hayo kwa sauti ya kawaida.

Ilikuwa saa kumi kasorobo hivi alipotokea Nesi Kabula. Alikuwa anapanda kilima mbio, koti jeupe limefunguka, simu tatu zimening'inia shingoni. Hakutusalimia.

"Shija, bluu imerudi?"

"Nimevaa kijani, nesi."

"Shija!"

Akavua ile tisheti, akavaa ya bluu. "Haijarudi. Siku ya nne leo."

Nesi Kabula alinigeukia mimi, labda kwa kuwa nilivaa kanga kama yake. Alisema kuna mama pale zahanati, anaitwa Milembe, amejifungua tangu mchana na damu haikatiki. Dripu zimeisha. Gari letu lingeweza kumbeba, lakini kwa zile saa tatu hadi Sikonge angefia njiani. Kilichotakiwa ni gari la wagonjwa litoke Sikonge sasa hivi na daktari na dripu, letu litoke huku, tukutane katikati. Na ili litoke, lazima apige simu.

"Mbona simu zinaonyesha mtandao?" Bibi Solange aliinua yake ya kijani na nyekundu. Zote zilikuwa zimejaa vijiti.

Hapo ndipo tulipoambiwa jambo ambalo halikuwemo kwenye makabrasha yetu. Minara ya kijani na nyekundu haikuwa na njia ya kutoka nje ya kijiji. Ilikuwa imekodi njia kwa bluu, kupitia dishi kubwa la bluu lililotazama Sikonge. Bluu ikizimika, kijani na nyekundu zinabaki zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kilima na bonde. Na bluu ilizimika kwa kukosa dizeli. Kijani na nyekundu walikuwa na dizeli mpaka madumu yamepangwa nje. Gari letu lilikuwa la petroli.

"Sasa hao bluu hawajaleta dizeli kwa nini?" nikauliza.

"Lazima niombe kwanza," Shija akasema.

"Unaombaje?"

"Kwa simu. Kwa laini ya bluu."

Nesi Kabula alikuwa amesimama na mikono kichwani. "Chukua dumu moja la kijani utie kwa bluu! Dakika tano!"

"Nesi, mimi wa bluu siruhusiwi kumwomba wa kijani. Na wa kijani haruhusiwi kunipa. Nina watoto watano, hii ndiyo kazi yangu." Msimwone katili. Alikuwa anatazama wageni wenye mashati meupe, ambao kwa habari zake walikuja kukagua kama anavunja mkataba. Akaniuliza: "Waulize wakubwa. Wakisema sawa, sawa."

Nikawauliza.

Bwana Henrik alibadilika rangi. Akasema anaelewa ni dharura. Lakini dizeli ile ni msaada wa nchi yake kwa kampuni ya kijani, alitia saini yeye mwenyewe, na kuihamishia kwa mshindani ni kitu chenye kifungu chake. Tena ibara ya nne ya azimio tulilokuja kulitia saini inakataza kabisa washindani kusaidiana kwa siri. Inabidi kibali kutoka makao makuu ya kijani. Akatoa simu apige. Akaitazama. Akairudisha mfukoni polepole.

Bibi Solange akasema kwa Kifaransa kwamba ibara ya nne haikukusudia dizeli. Bwana Henrik akasema haikuitaja dizeli, ndiyo maana inaihusu. Bibi Solange akasema waandike ibara ndogo ya dharura. Bwana Henrik akakubali, akafungua kishikwambi, wakaanza kubishana kama iandikwe "hatari ya maisha" au "hatari kubwa ya maisha". Walikuwa wanabishana haraka kwa nia njema, jasho linawatoka wote wawili, kila mmoja akinitazama nimfikishie mwenzake. Nami nikafikisha. Hatari. Hatari kubwa. Huku Nesi Kabula ananitazama mdomo, akisubiri nigeuke kwake.

Nikageuka.

"Shija," nikasema, "wageni wamekubali. Mwaga dizeli."

Bwana Henrik akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia kwa Kiingereza: "Shija amesema kibali kilishatolewa, kipo kwenye daftari lake." Bibi Solange nikamwambia vivyo hivyo kwa Kifaransa.

Basi akabaki Bwana Magesa, aliyesikia Kiswahili changu na Kiingereza changu, akajua havifanani. Wote tukamtazama. Alilegeza tai yake, kwa mara ya kwanza toka Dodoma.

"Mkalimani ametafsiri sawasawa," akasema. "Mimi nakwenda kugeuza gari."

Shija alivaa kijani, akafungua uzio, akatoa dumu akaliweka chini katikati ya njia. Akavua, akavaa bluu, akaja akaliokota. Sikumwambia aharakishe, maana niliona kwamba hiyo ndiyo njia pekee mikono yake ingekubali. Jenereta likakohoa mara mbili likashika. Dishi halikusogea, hakuna kilichobadilika machoni, ila simu tatu za Nesi Kabula zililia kwa pamoja, ujumbe wa siku nne ukimwagika, naye akiufuta kwa kidole gumba akitafuta jina la dereva.

"Haloo! Haloo, Sikonge!"

Milembe tulimlaza kiti cha nyuma. Nesi alipiga magoti sakafuni, amemkandamiza tumbo kwa ngumi mbili mwendo mzima. Bibi Solange alivua kitenge chake cha juu akamfunika. Bwana Henrik hakupata nafasi ndani, akabaki Itobela na kichanga, bibi wa kichanga huyo na kundi la wekundu waliotaka kumshukuru kwa yale makofi yake. Tuliwakuta watu wa Sikonge kwenye daraja la mbao, jua bado liko juu ya miyombo. Walikuwa wametoka mbio hata ndoo ya kuoshea magurudumu walikuja nayo. Daktari akamtundika dripu pale pale barabarani. Usiku ule ule akapelekwa Tabora, hospitali ya Kitete, akaongezwa damu. Baada ya siku tatu nilikwenda kumwona na Dada Mgeni. Alikuwa amekaa kitandani anakula uji.

"Wabeja sana, mama," akaniambia, asante sana, akanishika mkono. Hakujua nilisema nini kilimani na sikumwambia.

Azimio lilitiwa saini Tabora mjini, ibara ya nne ikiwa vile vile ilivyokuwa, kwa sababu kuibadilisha kunahitaji mkutano wa nchi tatu. Watu walipiga picha. Nami nikatafsiri hotuba zote, neno kwa neno.

Kurudi. Tulikuwa tumepita Itigi nilipoona siwezi kuendelea kukaa nyuma ya Bwana Henrik nikitazama kisogo chake. Nikamwambia. Nikarudia kila sentensi: aliyosema yeye, niliyosema mimi, na kwamba daftari la Shija halikuwa na kibali chochote.

Bibi Solange akaangua kicheko, kisha nikaona anafuta macho. Tuliposimama Manyoni kununua maji, Bwana Henrik akanijia.

"Ungeniambia uso kwa uso, ningekubali," akasema.

"Baada ya muda gani?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kitu. "Sijui," akasema. "Na itanibidi niandike. Mkalimani akibadilisha maneno, mkutano hauna tena msingi."

"Andika," nikamwambia. "Ni kweli tupu."

Akaandika, na ndiyo sababu siitwi. Simlaumu. Shija naye aliandikiwa barua tatu za onyo, kila kampuni ikimtuhumu kwa kushirikiana na walinzi wa kampuni nyingine. Mama Nkamba alizijibu zote kwa mhuri wa kijiji, akasema hao walinzi wengine waletwe Itobela waulizwe. Hawajaletwa hadi leo, na Shija bado yuko kazini.

Nimejifunza kwamba soko lililofunguliwa na mlango wa kutokea ni vitu viwili, na kwamba watu wema watatu wanaweza kusimama juu ya kilima, kila mmoja akifuata sheria yake, mtu akafa chini yao. Hilo ningeweza kulisoma kwenye kabrasha. Lililo langu ni dogo. Nilidhani uaminifu ni kufikisha maneno tu, na miaka ishirini na sita nilikuwa sijaulizwa swali la pili: je, na maneno hayo yakimwacha mtu afe?

Siku hizi natafsiri mahakamani, harusini, kwenye mikutano ya madhehebu, popote nikiitwa. Kabla sijakaa, namwambia mwenye shughuli: maneno yako nitayafikisha yote kama yalivyo, ila siku mtu atakapokuwa anakufa mbele yetu, usinitegemee. Wapo wanaoniaga hapo hapo. Wapo wanaonivutia kiti.